Barua ya kukubaliwa si hesabu ya krediti

Mhariri,

Hapa Mombasa kuna msemo ulioshika mizizi kutoka Tudor hadi Likoni: kama karo ya chuo kikuu cha Marekani haishikiki, mpeleke mtoto kwanza koleji ya jamii, asome miaka miwili kwa bei nafuu, kisha ahamie chuo kikuu cha kibinafsi chenye jina akamalizie miwili iliyobaki. Njia hiyo ipo na ni halali. Lakini msemo umeacha kitu nje. Mwombaji anayehama hupewa majibu mawili. La kwanza ni barua ya kumpokea. La pili huja baadaye, pengine baada ya wiki kadhaa, nalo ni orodha kavu ya masomo aliyobeba kutoka koleji: lipi limehesabiwa, lipi limetupwa, na lililohesabiwa limetiwa fungu gani. Barua hupikiwa pilau. Orodha haisomwi na mtu hadi mtoto aende kujisajili kwa masomo ya mwaka wa tatu na kuambiwa bado yuko wa pili.

Shahada ya kwanza kule huwa na krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, kama 120. Somo moja hubeba 3 au 4, na mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, sharti asome angalau 12 kila muhula, na katika hizo, somo moja tu la mtandaoni ndilo linaloweza kuhesabiwa. Koleji ya jamii humfikisha mwanafunzi kwenye 60. Vyuo vikuu vingi vya kibinafsi huweka kizuizi papo hapo: havipokei zaidi ya 60 au 64 kutoka koleji, kwa sababu vinataka nusu ya shahada isomwe kwao. Kwa hivyo kumbakisha mtoto koleji mwaka wa tatu ili kupunguza gharama ni kuteka maji kwa pakacha. Krediti zinazozidi hulipiwa, kisha huachwa mlangoni.

Kipimo nacho kiangaliwe. Koleji nyingine hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula miwili, na krediti tatu za robo ni sawa na mbili za muhula. Mwenye 60 za robo ana 40 tu, na ili afike 60 lazima akusanye 90. Anayesoma kwa robo asikatize mfululizo katikati: kalkulasi iliyogawanywa robo tatu, ikisomwa mbili, hailingani na somo lolote la chuo cha mihula, na aghalabu itabidi sehemu yake irudiwe.

Lakini maumivu makubwa yako kwenye mafungu. Chuo kinaweza kupokea krediti zote 60 na bado zisimsogeze mbali, kwa kuwa kuna krediti inayotimiza sharti la shahada na kuna krediti ya hiari, inayojaza hesabu tu. Mchukue anayetaka uhandisi wa mitambo. Insha za Kiingereza, masomo mawili, krediti 6: zimetimiza sharti. Kalkulasi ya kwanza na ya pili, 8: sawa. Fizikia, 8: lakini alichukua ile isiyotumia kalkulasi, wanayosoma wa udaktari na biolojia, basi zote nane zimetupwa kwenye hiari. Hisabati ya kujikumbusha aliyowekwa baada ya mtihani wa kuingia koleji, 4: hazikuhesabiwa kabisa, maana masomo ya kiwango hicho hayahami. Hakusoma kalkulasi ya tatu kwa sababu koleji yake haikuifundisha muhula ule, na hakuna aliyemwambia angeweza kuisoma koleji jirani.

Sasa tazama mnyororo unavyombana. Somo la nguvu na mizani linadai fizikia ya kalkulasi. Somo la mienendo linadai lile la nguvu na mizani. Somo la joto na nishati mara nyingi linadai kalkulasi ya tatu. Baadhi ya masomo haya hufundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka, kwa hivyo kukosa moja Agosti ni kulingojea hadi Agosti nyingine. Mwaka mmoja umeongezeka, tena si kwa bei ya koleji. Gharama yote ya mwaka katika vyuo vikuu vikubwa vya kibinafsi, karo pamoja na malazi, imepita dola 80,000. Akiba ya miaka miwili ya koleji inaweza kumezwa na mwaka huo mmoja.

Masomo ya sanaa na jamii husamehe zaidi. Uhandisi, uuguzi, usanifu majengo na kompyuta hayasamehi.

Dawa yake hutafutwa kabla ya kujisajili muhula wa kwanza wa koleji, si mwaka wa pili. Mwanafunzi achague vyuo vikuu vitatu anavyovitaka kweli, apakue mpango wa miaka minne wa kozi yake katika kila kimoja, na kuweka masomo ya miaka miwili ya mwanzo kando ya yale ya koleji. Vyuo vingi vina orodha ya wazi mtandaoni inayoonyesha somo gani la koleji ipi linalingana na lipi kwao. Somo lisilokuwemo, aandikie ofisi ya usajili akiambatisha silabasi, na jibu alipate kwa maandishi. Jibu la simu halimsaidii mtu miaka miwili baadaye.

Silabasi ni mali. Kila muhula ahifadhi ya kila somo: kitabu kilichotumika, mada za wiki kwa wiki, saa za maabara, namna alama zilivyogawanywa. Maelezo ya mistari mitatu yaliyo kwenye kijitabu cha koleji hayatoshi kumshawishi mhadhiri anayekagua. Somo la sayansi lisiloonyesha maabara hukataliwa au hukatwa krediti. Na krediti ikikataliwa, huo si mwisho: vyuo vingi huruhusu rufaa kwa idara husika, na hapo silabasi ndiyo shahidi pekee.

Jina la diploma ya koleji nalo hudanganya. Kuna AA na AS, ambazo zimeundwa kwa ajili ya kuhama, na kuna AAS, ambayo imeundwa kumtoa mtu moja kwa moja hadi kazini. Zote ni za miaka miwili na kwa mbali zinafanana. Mwenye AAS ya ufundi wa magari au ya hoteli atakuta masomo yake mengi ya ufundi hayana pa kuwekwa chuo kikuu. Si kwamba ni diploma mbaya, la. Ilijengewa safari nyingine.

Walioko California wana mtego wao. Tovuti ya ASSIST, ambayo huonyesha masomo ya koleji yanavyolingana na ya chuo kikuu, ni ya vyuo vya umma vya jimbo hilo. Mpango wa kuhakikishiwa nafasi uitwao TAG nao ni wa baadhi ya kampasi za University of California. Stanford na University of Southern California ni vya kibinafsi na havimo. Mwanafunzi anayepanga masomo kwa kutumia ASSIST kisha akaomba chuo cha kibinafsi amesoma ramani ya mji mwingine.

Alama: mara nyingi chini ya C somo halihami, na C ya kutoa hukataliwa na vyuo vingi. Somo lililochukuliwa kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila herufi pia ni hatari. Kinachohama ni krediti, si wastani wa alama, yaani GPA. GPA ya 3.9 humfungulia mlango, kisha huanza upya siku anapoingia.

Tarehe sasa. Kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba, vyuo vingi vya kibinafsi hufunga maombi ya wanaohama kati ya tarehe 1 Machi na mapema Aprili. Maana yake, anayetaka kuhama baada ya mwaka mmoja ataomba akiwa na matokeo ya muhula mmoja tu, na hapo shule ya sekondari bado ina uzito mkubwa. Anayengoja miaka miwili ataomba na mihula mitatu, na KCSE yake itapungua makali, ingawa cheti bado kitaombwa. Wengi huomba kupitia Common App, tovuti ya pamoja ya maombi ya vyuo vingi, upande wa wanaohama, ambao si ule wa wanaotoka sekondari. Huhitajika transkripti rasmi, yaani hati ya matokeo, ya kila koleji aliyowahi kusoma, hata kama ni somo moja la kiangazi alilolifeli. Kuficha koleji moja kunatosha kufuta nafasi. Kuna ripoti ya koleji inayojazwa na ofisi ya usajili, na ripoti ya katikati ya muhula inayojazwa na wahadhiri wenyewe kwa masomo yanayoendelea. Hiyo ya mwisho ndiyo huchelewa kuliko zote, maana inahitaji wahadhiri wanne au watano, kila mmoja na ratiba yake. Apewe kila mmoja wiki tatu.

Majina yametuponza sana sisi watu wa Pwani. Cheti cha KCSE kinasema Mohamed, pasipoti inasema Muhammad, na koleji imelichukua jina la babu kuwa la ukoo huku fomu ya chuo kikuu imeweka la baba. Mfumo wa kompyuta unaona watu watatu, na transkripti hukaa bila mwenyewe hadi tarehe ipite. Jina lifuate pasipoti kila mahali, herufi kwa herufi, na lililo tofauti kwenye vyeti lielezwe kwa barua mapema.

Pesa. Msaada wa serikali ya Marekani unaoombwa kwa fomu ya FAFSA si wa mwenye F-1. Msaada wa chuo chenyewe upo, lakini kwa wageni wanaohama huwa haba kuliko kwa wanaoanza mwaka wa kwanza, na vyuo vingi huangalia uwezo wa kulipa wakati wa kuamua nani aingie. Hapo familia hushawishika kuandika kwamba haihitaji msaada ili mtoto apite. Wajue kwamba katika vyuo vingi mgeni aliyejibu hivyo hawezi kurudi mwaka unaofuata kuuomba. Ni heri kukataliwa Mei kuliko kufukuzwa kwa karo mwaka wa nne. Wanachama wa Phi Theta Kappa, jumuiya ya wanafunzi bora wa koleji za jamii, hutengewa ufadhili na vyuo kadhaa. Mwaliko ukija usipuuzwe.

Mzazi mwenye duka Marikiti hana hati ya mshahara, na si lazima awe nayo. Vyuo vinavyotumia CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa chuo, vinaweza kupokea ripoti ya kodi ya KRA, taarifa za benki na barua inayoeleza biashara. Lakini kwa I-20 mpya, fomu ya chuo inayotegemewa na viza, hati ya shamba la Kwale haisaidii, wala logibuku ya gari. Chuo kinataka kuona pesa zinazotoka benki leo, zinazotosha mwaka mmoja baada ya kuondoa ufadhili.

Kuhama kwa F-1 hakufanywi na mwanafunzi mwenyewe. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya koleji ndiyo huachilia rekodi yake katika SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, siku waliyokubaliana. Ikishapita, koleji haina tena uwezo juu ya rekodi hiyo, basi asiichague kabla hajaamua chuo kimoja. Ombi la kuhamisha rekodi lifanywe ndani ya siku 60 baada ya kumaliza koleji, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Akija nyumbani likizoni katikati ya hayo, I-20 ya kurudia iwe ya chuo kipya. Viza yenye jina la koleji ya zamani, kama haijaisha na namba ya SEVIS ni ileile, bado hufanya kazi, na hakuna haja ya kupanda treni ya SGR kwenda ubalozini Nairobi kuomba nyingine.

Mhariri, ukurasa wenu wa elimu huchapisha kila mwaka tarehe za KUCCPS, za kuomba nafasi katika vyuo vya hapa Kenya. Nafasi kidogo mwezi wa Januari kwa tarehe hizi za Machi ingewafaa wazazi wengi wa huku, maana mwanafunzi anayeanza kuwaomba wahadhiri wake ripoti mwishoni mwa Februari ameshachelewa.

Mshauri wa masomo ya ng'ambo,
Tudor, Mombasa