Msivute kwa nguvu miguu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo

Mheshimiwa Mhariri,

Hapa Bukavu bado wapo watoto wenye mtindio wa ubongo wanaopakwa mafuta, kisha miguu iliyokakamaa inavutwa kwa nguvu mpaka walie. Tunaomba hilo likome. Msuli uliokakamaa ukivutwa haraka hujikaza zaidi, na kunyoosha peke yake, dakika chache kwa siku, hakumfundishi mtoto kusimama wala kushika kitu.

Kinachofaa ni mazoezi ya kazi anayoitaka mwenyewe. Anayejifunza kusimama mketishe kwenye kibao, nyayo zote chini, zimerudi kidogo nyuma ya magoti, na kikombe chake kiwe mezani mbele yake. Ainame mbele, ainuke, akichukue. Ukimnyanyua kwa makwapa, kazi umeifanya wewe. Arudie kila siku, mara nyingi.

Asiyeweza kukaa anahitaji kiti, na seremala wa Kadutu, hapa hapa mjini, anakiweza. Ubao wa kukalia uishie vidole viwili kabla ya nyuma ya goti. Ukizidi hapo, mtoto huteleza mbele na mgongo hupinda. Nyayo zisining'inie.

Mtoto asiyetembea apigwe picha ya eksirei ya nyonga kufikia miezi 24, hata kama halalamiki. Mfupa wa paja unaweza kuchomoka taratibu kwenye nyonga, mwanzoni mara nyingi bila maumivu.

Wataalamu wa fiziotherapia,
Bukavu