Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa: Tunaomba Mkeka wa Kriketi Kabla Hujatuuliza Habari za Nusu Fainali

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu. Jina lako sitaliandika hapa wala sitaitaja ofisi yako, maana nia yangu si kukuaibisha. Unajijua, na watoto wa pale uwanjani kwetu wanakujua kwa sura. Ni wewe uliyeshika gongo la mtoto wa darasa la sita, ukapigwa picha nalo, ukatuambia sisi wazazi na makocha kwamba kabla ya likizo ya Aprili watoto watapata mkeka mpya na neti mbili. Aprili uliyoitaja ilikuwa ya mwaka juzi.

Nilisubiri. Nimekuja ofisini kwako mara nne. Mara ya kwanza niliambiwa uko mkutanoni. Mara ya pili niliambiwa niache barua, nikaiacha. Mara ya tatu barua ikawa haionekani. Mara ya nne askari wa mlangoni alinionea huruma akanipa kiti chake, nikakaa mpaka saa kumi jioni, na mimi ni fundi viatu, siku nisipofungua kibanda watoto wangu hawali vizuri. Ningesubiri tena, Mheshimiwa. Lakini ya Jumamosi iliyopita yamenishinda.

Tulifika saa moja na nusu asubuhi, mimi na watoto 23. Ijumaa palikuwa na mkutano pale uwanjani. Lori lililobeba jukwaa lilipita juu ya pichi yetu ya saruji, yaani ule ukanda wa katikati tunaotandika mkeka ili mpira udunde vizuri, likaipasua ufa ninaoweza kuingiza kidole. Huo ufa ningeuziba. Kilichotuvunja moyo ni mkeka. Mkeka huo tunaukunja kila tukimaliza mazoezi na kuufungia stoo, na funguo ziko kwa mtunza uwanja. Stoo ilifunguliwa. Mkeka ukakatwa vipande viwili kwa kisu, kimoja kikatandikwa katika hema la wageni waheshimiwa, kingine kikafunika mtaro ili watu wapite bila kuchafua viatu. Tuliukuta na matope, umenata soda, na alama za visigino vyembamba vimeutoboa. Huenda nawe uliukanyaga bila kujua ni nini. Sikulaumu kwa hilo, lakini sasa umejua.

Msichana mmoja wa miaka 12, ndiye mrushaji wangu bora wa spini, yaani mpira wa kuzungushwa, alipiga magoti akaanza kuviunganisha vile vipande kwa mikono, kama mtu anayejaribu kurudisha karatasi iliyochanika. Akaniuliza, "Kocha, si wewe ni fundi? Utaushona?" Niliushona. Nilitumia uzi wa nailoni uliopakwa nta, ule ninaotumia kwa soli, na sindano ya msumari, kuanzia saa tatu hadi saa saba mchana. Tukautandika. Mpira wa nne uliangukia kwenye mshono, ukaruka wima, ukampata mpigaji mdomoni. Nyuzi tatu zahanati. Nikafunga mazoezi, na hayajafunguliwa hadi ninapoandika barua hii.

Jioni hiyohiyo pale kibandani wateja wakaniuliza swali wanaloniuliza kila wakijua kwamba nafundisha kriketi: Kenya itarudi lini nusu fainali ya Kombe la Dunia? Nimeona nawe hupenda kulisemea hilo ukipewa kipaza sauti. Naomba nikujibu hapa, polepole.

Mheshimiwa, nusu fainali tumeifika juzi tu, na wengi hawana habari. Tarehe 2 Oktoba 2025, Harare, Kenya ilicheza na Zimbabwe nusu fainali ya mchujo wa Afrika. Mshindi wa siku hiyo alikuwa anakata tiketi moja kwa moja ya Kombe la Dunia la T20 (kriketi fupi ya ova 20 kila upande, ova moja ikiwa mipira sita) la 2026, India na Sri Lanka. Mechi moja tu! Tulipata mikimbio 122 kwa wiketi 6, yaani wapigaji wetu sita walitolewa, katika ova zetu 20. Zimbabwe wakaipita hesabu hiyo kwa ova 15, wakiwa wamepoteza wiketi 3. Katika ova moja mpigaji wao Brian Bennett alipiga mipira yote sita hadi kwenye kamba ya mpaka wa uwanja, kila mmoja mikimbio minne: nne, nne, nne, mpaka ikaisha. Niliifuata mechi kwenye simu, nikiwa nimeshika kiatu cha mteja mkono mwingine. Sikumlaumu kijana wetu aliyekuwa akirusha. Nilijiuliza alijifunzia wapi, na juu ya nini.

Zaidi ya nusu ya mikimbio yetu siku hiyo ilitoka kwa Rakep Patel peke yake. Huyu ni mtu aliyekuwa kwenye kikosi chetu cha Kombe la Dunia la 2011. Nampa heshima zote. Mkongwe mwenzake Collins Obuya naye aliichezea nchi hii tangu 2001 hadi alipostaafu 2024. Kaka zetu wamebeba mzigo mpaka wamezeeka nao mabegani, kwa sababu walio nyuma yao ni wachache mno. Nadhani, na hili nalisema kama kocha wa mtaani tu, mechi za muondoano zinatushinda hapo. Kwenye makundi timu inaweza kuteleza leo ikainuka kesho, lakini kwenye muondoano kosa la ova mbili linakurudisha nyumbani. Wakati huo mwili hufanya kile ulichozoea tangu utotoni. Mtoto aliyejifunza kwenye saruji iliyopasuka amezoea kurudisha kichwa nyuma mpira unapodunda. Hilo halitibiwi kwa kambi ya wiki mbili.

Mimi nilikuwepo uwanja wa Nairobi Gymkhana tarehe 24 Februari 2003, kwenye mechi ya Kombe la Dunia. Ilikuwa Jumatatu, nina miaka 12, baba aliniombea ruhusa shuleni kwa uongo ambao Mungu atamsamehe. Kenya tulipata mikimbio 210. Sri Lanka, mabingwa wa dunia wa 1996, wakaingia wakitabasamu. Collins Obuya akarusha ova zake 10 mfululizo, za kusumbua, akachukua wiketi 5 kwa mikimbio 24. Mpigaji wao Jayawardene akaenda. Sangakkara akaenda. Wakaishia 157. Nakumbuka mzee mmoja wa Kihindi, simjui, alinibeba mabegani wachezaji walipozunguka uwanja kutupungia. Baadaye tukaifunga Zimbabwe kule Bloemfontein, tukaingia nusu fainali na India, Durban, tarehe 20 Machi. Tulipoteza kwa mikimbio 91. Steve Tikolo alipata 56 siku hiyo, akipigana kama mtu anayezima moto nyumbani kwake.

Najua wapo wanaosema tulibebwa kwa kuwa New Zealand walikataa kuja Nairobi wakaacha pointi. Ni kweli hawakuja. Lakini Sri Lanka walikuja, na Zimbabwe tuliwafuata wenyewe. Wachezaji wale hawakuokotwa njiani. Walikuwa na klabu, ligi za wikendi, na viwanja ambavyo mtoto angeweza kusimama kwenye kamba akaokota mpira na kuurudisha.

Mwaka 2014 tukapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja. Mwaka 2024 ni Uganda walioenda Kombe la Dunia la T20, wakaifunga Papua New Guinea kule Guyana. Katika Harare hiyohiyo ya Oktoba, Tanzania nao walikuwa nusu fainali. Nawapongeza majirani kwa moyo wote. Na mwaka 2027 Kombe la Dunia linarudi Afrika. Lilipokuja 2003, wenyeji walikuwa Afrika Kusini, Zimbabwe na sisi. Namibia walikuja wakapoteza mechi zao zote sita. Safari hii wenyeji ni Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Naomba usome sentensi hizo mara mbili, Mheshimiwa, kwa sababu mimi zinaninyima usingizi.

Nilikuwa nimepanga kukuomba mengi: neti mbili ulizoahidi, pedi za watoto, mipira ya ngozi (mmoja unanigharimu sawa na kutia soli jozi nne za viatu), nauli ya vijana wawili walioitwa majaribio wakakosa kwenda, na lori lisiruhusiwe tena pale ndani. Nimeyafuta. Neti tutasuka wenyewe. Pedi nitaendelea kushona. Ufa nitauziba kwa mfuko mmoja wa saruji, na wazazi wamekwisha kuchanga nusu ya bei.

Mkeka siwezi kuushona tena. Nimejaribu, na mtoto ameumia mkononi mwangu. Mkeka tu, Mheshimiwa. Msichana yule wa spini ana miaka 12, na miaka inakwenda haraka katika mchezo huu. Kila siku anapita kibandani akiwa na mpira mfukoni, haniulizi kitu, anasimama kidogo kisha anakwenda kuurusha kwenye ukuta wa nyuma ya soko.

Barua hii nimeileta mwenyewe asubuhi ya leo, ikiwa mara yangu ya tano kuja, nimempa askari wako mkononi. Ili pasiwe na swali la kukawiza, nimeandika vipimo nyuma ya bahasha: urefu wa pichi kutoka vijiti hadi vijiti ni mita 20 na sentimita 12, upana mita 3 na sentimita 5. Rangi yoyote.