Tangazo la mwaka 1963 linamweka binti nyuma ya Katiba

Ndugu Mhariri,

Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha ukoo baada ya msiba wa kaka yetu. Katika muhtasari uliopelekwa Mahakama ya Mwanzo kufungulia mirathi, binti zake wawili waliandikwa mwishoni, kwa maelezo kwamba watatunzwa na kaka yao. Nilipohoji, mzee mmoja alinijibu kuwa ndivyo sheria isemavyo, na kwa masikitiko nakiri kwamba hakukosea.

Sheria aliyoikusudia ni ile ya mila iliyotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 436 la mwaka 1963, ambayo humpa mtoto wa kiume wa kwanza daraja la kwanza la urithi, ndugu zake wa kiume la pili na mabinti la tatu, na humnyima mjane fungu iwapo marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Yote hayo yamo vitabuni pamoja na Ibara ya 13 ya Katiba, inayotamka kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria.

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliyathibitisha mauzo ya shamba la ukoo yaliyofanywa na mwanamke wa Kihaya aliyelirithi kwa baba yake, ingawa mila ilimkataza mwanamke kuuza shamba la ukoo. Alifanya hivyo wakati neno "jinsia" halijaingizwa bado katika Ibara hiyo, kwani liliongezwa mwaka 2000. Ajabu ni kwamba mwaka 2006, wajane wawili walipozipinga kanuni za urithi, mahakama ilikubali kuwa zinabagua lakini ikakataa kuzifuta, ikisema mabadiliko yaanzie halmashauri za wilaya. Rufaa yao ilitupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya tarehe katika hati.

Hoja niliyoisikia kikaoni ni kwamba binti akirithi, shamba litahamia kwa ukoo wa mumewe. Kijijini kwetu mashamba matatu ya ukoo yamekwisha kuuzwa kwa wageni, na wauzaji wote walikuwa wanaume, mmoja akitafuta fedha za pikipiki.

Kwa kuwa mahakama iliutupa mpira kwa halmashauri, nawaomba madiwani wetu watueleze ni lini azimio la kurekebisha kanuni hizo litaingia katika ajenda ya baraza lao.

Msomaji wako,
Muleba, Kagera