Barua tuliyoiandika ilivyoturudia

Mhariri,

Nina miaka mingi kwenye harakati za haki za binadamu, na barua hii inawahusu wanaharakati wenzangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Inanihusu na mimi.

Kuna wakati tulipata habari kwamba mtu ambaye maoni yake kuhusu wahamiaji tunayachukia amealikwa kwenye mdahalo wa hadhara. Usiku huohuo tulikaa watatu mbele ya kompyuta moja tukawaandikia barua wenye ukumbi. Mimi ndiye niliyekuwa nachapa. Tulibishana sana juu ya maneno machache tu. Mmoja alitaka tuandike kwamba maoni ya mtu yule "yanatuumiza". Mwingine akasema hilo halitoshi, hakuna ukumbi utakaofuta mwaliko kwa sababu watu wameumia. Tuandike kwamba uwepo wake "unahatarisha usalama wa washiriki". Hakuna aliyeuliza ni usalama wa nani, wala utahatarishwa vipi, na sote tulijua kwamba mtu yule hakuwahi kumtisha mtu wala kuhimiza vurugu. Maneno yakabaki. Kesho yake mwaliko ukafutwa, tukapongezana.

Haukupita mwaka. Mwandishi wa habari tuliyemwalika sisi, mkosoaji mkali wa vita, akafutiwa ukumbi zikiwa zimebaki siku tatu. Barua tuliyoletewa ilisema uwepo wake "unahatarisha usalama wa washiriki". Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi. Jioni ile tulitoa tamko la kurasa mbili kuhusu uhuru wa maoni, na kila tulichoandika humo kilikuwa kweli. Ila ni sisi wenyewe tuliokuwa tumeikanyaga kweli hiyo miezi michache nyuma. Mkuki kwa nguruwe.

Wenzangu watasema nalinganisha visivyolingana: yule mbaguzi, huyu mpigania haki. Mimi pia naiona tofauti hiyo. Lakini kila upande duniani unaamini hivyohivyo kuhusu watu wake, na mwenye ukumbi hana mizani ya kumtambua mwema. Alichonacho ni funzo tulilompa sisi, kwamba kelele zikizidi, mlango ufungwe.

Jambo hili lina historia, na wanaharakati tungefaa kuijua vizuri kuliko wengine. Mwaka 1974 umoja wa kitaifa wa wanafunzi nchini Uingereza ulipitisha azimio la kuwanyima jukwaa wafashisti na wabaguzi wa rangi. Waliolengwa walijulikana, watu wa National Front, chama cha wabaguzi wa mrengo mkali wa kulia, na makundi ya aina yake. Mwaka uliofuata Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatangaza kwamba Uzayuni, yaani harakati za Wayahudi kudai taifa lao, ni aina ya ubaguzi wa rangi, na katika miaka michache baadhi ya vyama vya wanafunzi vyuoni vikaichukua kanuni ileile na kuitumia kuvibana vyama vya wanafunzi Wayahudi. Kanuni iliyotungwa dhidi ya wafashisti ikaishia kuwafungia mlango Wayahudi! Na mwaka 2016 ikamfikia Peter Tatchell, mtu aliyepigania haki za wapenzi wa jinsia moja kwa karibu nusu karne. Mmoja wa viongozi wa umoja huohuo alikataa kukaa naye jukwaa moja, na kati ya sababu alizotoa ni kwamba Tatchell alitia saini barua ya wazi ya kupinga watu kunyimwa majukwaa.

Ninaporudi kwenye historia hiyo namkumbuka pia Aryeh Neier. Alizaliwa Berlin mwaka 1937 katika familia ya Kiyahudi iliyowakimbia Wanazi yeye akiwa bado mtoto mdogo. Miaka arobaini baadaye alikuwa mkurugenzi mtendaji wa ACLU, chama cha kutetea uhuru wa raia nchini Marekani, wakati kundi la Wanazi mamboleo lilipozuiwa kuandamana Skokie, mji ulio karibu na Chicago ambako waliishi manusura wengi wa mauaji ya Wayahudi. Chama chake kiliwatetea mahakamani. Maelfu ya wanachama wakajitoa kwa hasira. Neier aliwachukia watu wale kuliko sisi tulivyomchukia mgeni wa mdahalo wetu, na alikuwa na sababu. Hoja yake ilikuwa kwamba amri inayowazuia hao leo ndiyo itakayowazuia kesho wanaodai haki za Weusi. Kesi walishinda, na Wanazi hao hawakuandamana Skokie hata siku moja. Walikwenda kufanya mkutano wao Chicago mwaka 1978. Sijui kama mimi ningekuwa na moyo ule. Najua tu kwamba yeye alitumia kipimo kimoja pale kilipomgharimu.

Nisieleweke vibaya. Anayewachochea watu wawapige wenzao ni jambo jingine kabisa, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, katika kifungu cha 20, unataka uchochezi wa chuki wa namna hiyo upigwe marufuku kisheria. Wala kutomwalika mtu si kumziba mdomo. Kila chama kina haki ya kuchagua wageni wake. Kususia, kubeba mabango nje ya mlango, kusimama ndani na kumuuliza mtu swali gumu mpaka atokwe jasho, hayo yote nayaunga mkono na nitaendelea kuyafanya. Ninalolipinga ni kumwendea aliyekwisha kualika na kumbana mpaka afute, ili hata aliyetaka kusikia asisikie.

Huyo anayetaka kusikia ndiye tunayemsahau. Desemba 1860, kundi la watu wenye ghasia lilivunja mkutano wa kupinga utumwa mjini Boston, Marekani. Siku chache baadaye Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa, alisema kwamba kuzima uhuru wa kusema ni dhuluma mara mbili, kwa maana anadhulumiwa msemaji na anadhulumiwa msikilizaji. Hilo la pili sikulielewa mpaka dada mmoja, mtoto wa wahamiaji, aliponifuata wiki moja baada ya ule mdahalo wetu kufutwa. Alitoa kwenye mkoba karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na maswali sita aliyomwandalia mtu yule, mawili yamepigiwa mstari, moja limefutwa na kuandikwa upya pembeni. Alikuwa amesoma makala zake zote. Akaniambia, "Kaka, mlinitetea bila kuniuliza." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sijalipata.

Mwezi uliopita nilipeleka pendekezo kwenye kikao chetu. Nilitaka kwamba kabla ya kudai mwaliko wa mtu yeyote ufutwe, tuandike sababu zetu bila kutaja jina lake, kisha tuzisome upya tukiweka jina la mmoja wetu. Tukishindwa kuzikubali kwa huyo wa kwetu, tusizitume. Pendekezo likakataliwa kwa kura saba dhidi ya nne. Aliyelipinga kwa nguvu zaidi ni rafiki yangu mkubwa, na alisema kwa uchungu kwamba nataka tuwafungulie adui mlango.

Nitalirudisha kikao kijacho. Safari hii nitakwenda na barua zote mbili, ile tuliyoiandika na ile tuliyoandikiwa, nami nitaomba rafiki yangu huyo azisome kwa sauti, moja baada ya nyingine, kabla hatujapiga kura.

Msomaji wako,
Mwanaharakati wa haki za binadamu