Hadithi za michezo ya video zipimwe kwa kumbukumbu, si kwa wingi wa miisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme neno kwa vijana wetu wanaobuni michezo ya video, hasa ile ambayo uamuzi wa mchezaji ndio unaoelekeza hadithi. Huwa naombwa kuzitazama kazi zao kabla hazijapelekwa kwenye mashindano, na karibu kila mmoja hujivunia jambo moja: kwamba mchezo wake una miisho kumi, ishirini au zaidi. Waamuzi nao husikiliza idadi hiyo kwa mshangao na kuipa alama. Kwa maoni yangu, kipimo hicho hakifai.

Hesabu yenyewe inatisha. Mchezo ukiwa na njia panda kumi zinazofuatana, kila moja ikiwa na machaguo mawili, na njia hizo zisikutane tena, mwandishi atalazimika kuandika sehemu 2,047 ili kufikia miisho 1,024, ilhali anayecheza mara moja atasoma sehemu 11 tu. Kijana anayeandika peke yake usiku, baada ya shughuli zake za mchana, hawezi kuzimaliza, na akizimaliza zitakuwa aya mbilimbili zisizo na ladha. Ndiyo maana wabunifu wazoefu huzitenganisha njia kwa muda, kisha wakazikutanisha tena kwenye tukio moja, na badala ya kuandika hadithi nyingine huufanya mchezo ukumbuke kilichotendeka.

Chukua mfano wa The Walking Dead, mchezo uliotolewa mwaka 2012 na kampuni ya Telltale Games ya Marekani. Katika sehemu ya kwanza mchezaji, ambaye ndiye Lee, hulazimika kumwokoa mmoja kati ya Doug na Carley, na yule mwingine hufa; lakini aliyeokolewa, awe nani, huja kupigwa risasi katika sehemu ya tatu. Ukiichora safari hiyo kwenye karatasi, utaona kwamba uamuzi ule haukuipindisha sana. Hata hivyo mtoto Clementine, ambaye Lee ndiye mlezi wake, huyaona anayotenda na kuyasikia anayosema, na maandishi mafupi kwenye skrini humjulisha mchezaji kwamba Clementine atalikumbuka jambo fulani. Wapo wanaouita huo ulaghai. Mimi naona unakuwa ulaghai pale tu ahadi ya kukumbuka isipotimizwa, na katika mchezo ule haikutimizwa kila mara.

Kinyume chake kilitokea mwaka huohuo kwa Mass Effect ya kampuni ya BioWare ya Kanada. Hadithi hiyo ilienea katika michezo mitatu, ya mwaka 2007, 2010 na 2012, na maamuzi ya mchezo mmoja yaliweza kuhamishiwa kwenye unaofuata. Mwishoni kabisa mchezaji aliwekewa machaguo machache ambayo matokeo yake yalifanana mno, yakitofautiana zaidi kwa rangi ya mwanga. Wachezaji walighadhibika kiasi kwamba mwezi Juni kampuni ilitoa nyongeza ya mwisho huo bila malipo. Miisho ilikuwepo, walichokikosa ni kuona yale waliyoyatenda kwa miaka mitano yakitajwa.

Sasa tuseme mchezaji ni nahodha wa jahazi linalotoka Lamu kwenda Unguja, na bandarini anaombwa ampakie kijana asiye na nauli. Akikataa, jahazi litang'oa nanga vilevile na dhoruba ileile itamkuta njiani. Ila mabaharia waliolisikia jibu lake wataanza kumjibu kwa mkato, serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia, atakula chakula chake mbali naye, na tanga likichanika usiku hakuna atakayepanda mlingoti mpaka aamriwe. Kwa kazi hiyo yote, programu inahitaji kuhifadhi jambo moja tu, kijana alipakiwa au hakupakiwa, na mwandishi anahitaji kubadilisha sentensi chache.

Zana za kuandikia hadithi za namna hii kwenye kompyuta zipo, tena za bure: Twine, ya tangu mwaka 2009, na ink, ambayo kampuni ya inkle ya Uingereza iliifungulia watu wote mwaka 2016. Zote hupokea Kiswahili bila taabu, lakini masomo yake mengi yameandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo vijana hukwama. Hufundishwa kuacha pengo katika sentensi ili mchezo ujaze jina la kifaa chochote. Kwa Kiswahili husemwa kisu kimepotea, kamba imepotea na shoka limepotea, kwa hiyo kila kifaa lazima kihifadhiwe pamoja na ngeli yake. Kwa upande mwingine tumepunguziwa mzigo, kwani neno "amefika" linamtosha nahodha mwanamume na mwanamke, na hakuna haja ya kuandika mara mbili.

Nawaomba waandaaji wa mashindano waliondoe swali la idadi ya miisho kwenye fomu zao, na badala yake wamtake mshiriki aonyeshe mahali pawili katika kazi yake: pale mchezaji alipoamua, na pale uamuzi huo ulipomrudia.

Wako,
Msomaji, Dar es Salaam