Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Asbesto Mapafuni, Kinachoonekana na Kisichoonekana

Ndugu wanachama,

Habari za ada na mahudhurio zimo kwenye muhtasari mliokwisha kupokea, nami sitazirudia. Sehemu kubwa ya kazi ya kamati mwaka huu ilikuwa swali moja: mfanyakazi aliyevuta vumbi la asbesto, yaani madini yenye nyuzi nyembamba, mapafu yake yanatueleza nini na yanaficha nini?

Kosa linalojirudia ni kusoma jibu la maabara, "nyuzi hazikuonekana", kana kwamba limeandikwa "hakuvuta". Krisotili, asbesto nyeupe iliyotumika kuliko aina nyingine zote, hukatika vipande vipande na kuondoka mapafuni ndani ya wiki au miezi. Amositi na krosidoliti, asbesto za kundi jingine liitwalo amfiboli, hukaa miongo. Fundi aliyekata mabati ya krisotili miaka 30 iliyopita anaweza kupata mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu, leo, na kipande cha pafu lake kikawa karibu kitupu. Isitoshe, hadubini ya kawaida haioni uzi mwembamba kuliko takriban maikromita 0.2 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ilhali uzi mmoja mmoja wa krisotili una unene wa kama 0.03. Kwa hiyo anayesoma jibu aulize kwanza ni hadubini gani iliyotumika.

Nyuzi fupi humezwa na seli walinzi za mapafu na kuondolewa. Uzi unaozidi maikromita 15 hadi 20 ni mrefu kuliko seli yenyewe: seli inaumeza nusu, inakwama, inamwaga kemikali zake nje, na hapo ndipo uvimbe na makovu huanzia. Baadhi ya nyuzi hizo huvikwa protini na chuma. Zikipakwa rangi ya kutambulisha chuma huwa za buluu. Zisipopakwa huonekana za kahawia yenye dhahabu, kama shanga zilizotungwa, ncha zimevimba kama rungu. Nyingi kati yake zina kiini cha amfiboli. Hii ni sababu nyingine ya kutohukumu mtu wa krisotili kwa kuzihesabu hizi peke yake.

Kwenye maandalizi ndiko kunakoharibika mengi. Chukueni vipande vya sehemu ya juu na ya chini ya pafu, mbali na uvimbe wa saratani, kwa kuwa nyama ya uvimbe ni mpya na hupunguza hesabu. Kipande kimoja kikaushwe na kupimwa uzito, pacha wake kiyeyushwe kwa sodiamu haipokloraiti, kisha kichujwe. Msisage wala kutikisa kwa nguvu: uzi 1 ukivunjika mara mbili unahesabiwa 3. Kila kundi la sampuli liende na sampuli tupu, yaani dawa zote bila tishu, maana formalini ya kuhifadhia tishu na maji ya bomba huweza kuleta nyuzi zake. Na jibu liseme ni gramu kavu au mbichi. Tofauti ni kama mara 10, na tumeona mabishano marefu yaliyoisha mara tu neno hilo lilipoongezwa.

Vigezo vya Helsinki vya 1997, vya wataalamu wa kimataifa wa kutambua magonjwa ya asbesto, vilivyopitiwa tena 2014, vinatoa viwango vya kuonyesha kuwa huenda mtu alivuta asbesto kazini: zaidi ya nyuzi 1,000 zilizovikwa chuma kwa gramu kavu, au zaidi ya 1 kwa mililita ya maji yaliyosuuzia mapafu, au zaidi ya nyuzi 100,000 za amfiboli zenye urefu unaozidi maikromita 5 kwa gramu kavu. Kila maabara iwe pia na viwango vyake vya watu wasiofanya kazi hizo. Vigezo hivyohivyo vinaipa historia ya kazi uzito mkubwa, nami nakubaliana navyo. Makadirio ya nyuzi-miaka 25, yaani wingi wa nyuzi hewani mara miaka ya kazi, yanayohusishwa na kupanda mara mbili kwa hatari ya saratani ya mapafu, hupatikana kwa kuzidisha: nyuzi 5 kwa sentimita ya ujazo kwa miaka 5. Hesabu hiyo haifanyiki bila kuuliza.

Fomu yetu mpya haiulizi cheo. Inauliza alikata nini, kwa msumeno wa mkono au grainda, kikavu au kilicholowanishwa, ndani au nje, nani alikuwa pembeni yake. Fundi umeme aliyefanya kazi chini ya wavunja lagi za boila, yaani vifuniko vya kuzuia joto, amevuta vumbi lao. Nani alifua nguo zake nyumbani? Alivuta sigara miaka mingapi? Sigara huzidisha hatari ya saratani ya mapafu, mesotelioma haiitegemei.

Wanachama wa maabara walete hesabu za sampuli zao tupu kabla ya kikao kijacho. Waliokwisha jaza fomu kwa wagonjwa wao wabakize nakala, kwa sababu tutarekebisha swali la barakoa: "ulivaa?" halitoshi. Tunataka kujua aina ya kichujio, na kama ndevu ziliizuia kubana usoni.