Transfa kesi peke yake haiwezi kuligeuza gari la kusukuma nyuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba mwenye gari dogo la zamani linalosukumwa na magurudumu ya nyuma anaweza kulifanya livute kwa magurudumu yote manne, alimradi apate transfa kesi yoyote (kifaa cha nyuma ya giaboksi kinachogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma) kwenye maduka ya spea za mtumba. Mimi ni fundi wa magari hapa Tabora, na ushauri huo umenitia wasiwasi, kwa sababu wapo wamiliki wengi wa Toyota Mark II wanaokwenda Ulyankulu, Kaliua na vijiji vya Sikonge wakati wa mvua, ambao wanaweza kuufuata na kupoteza fedha zao.

Haja yao naielewa vizuri. Kati ya Novemba na Aprili udongo mweusi wa mbuga ukishaloa, gari la kusukuma nyuma, hasa likiwa halina mzigo, huzungusha tairi moja papo hapo mpaka difu, yaani sanduku la gia katikati ya magurudumu mawili, inalala kwenye tope.

Kinachosahaulika ni upande wa mbele. Kazi ya transfa kesi ni kugawa nguvu tu. Nguvu hiyo inapaswa kupita kwenye propela (fimbo ndefu inayozunguka) ya pili kando ya injini, iingie kwenye difu ya mbele, kisha itoke kwa shafti mbili hadi kwenye habu, yaani vitovu vinavyobeba magurudumu, zenye meno ya kuzipokea. Gari lililotoka kiwandani likiwa la kusukuma nyuma halikuandaliwa kwa vitu hivyo: krosmemba (boriti ya chuma chini ya injini) na sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) zimechukua mahali ambapo difu na shafti zingekaa, na habu za mbele hazina tundu lenye meno. Nimewahi kupokea gari ambalo sampu yake ilikatwa na kuchomelewa ili shafti ipite. Lilikuwa likivuja oili pale pale kwenye mchomeleo, na kila tulipoziba upande mmoja, mtikisiko wa barabara uliufungua upande wa pili.

Jambo zito zaidi ni uwiano wa difu, yaani propela huzunguka mara ngapi kwa kila mzunguko mmoja wa magurudumu. Difu ya nyuma ikiwa ya 4.3 na ya mbele ikiwa ya 4.1, magurudumu yakizunguka mara 100 propela ya nyuma huzunguka mara 430 na ya mbele mara 410. Kwenye tope tofauti hiyo humezwa na utelezi, lakini kwenye lami haina pa kwenda: kama transfa kesi inafunga mbele na nyuma zizunguke pamoja, tairi husuguana na barabara na mnyororo au gia za ndani hubeba mzigo usiokoma; na kama ina difu ya kati, inayoruhusu mbele na nyuma kutofautiana mizunguko, difu hiyo hufanya kazi hata gari linapokwenda moja kwa moja, mpaka oili yake inaungua. Fundi anaweza kupima uwiano bila kufungua kitu. Aweke giaboksi kwenye nyutro, ainue gurudumu moja la nyuma na kuacha la pili chini likiwa limewekewa kigingi, achore alama ya chaki kwenye propela, kisha azungushe gurudumu lililoinuliwa mara 20 huku mwenzake akihesabu. Propela ikizunguka mara 41, difu ni ya 4.1, ikizunguka mara 43, ni ya 4.3. Difu ya mbele ipimwe kwa namna hiyo hiyo kabla ya kununuliwa, na tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zilizochakaa sawasawa.

Njia ninayoiamini ni kutumia mifumo ya gari ndugu. Toyota yenyewe iliunda Mark II za kuvuta magurudumu manne: GX105 ni ndugu wa GX100 ya kusukuma nyuma, na GX115 ni ndugu wa GX110 ya kusukuma nyuma, zote zikiwa na injini ya 1G-FE. Anayetaka kubadilisha atafute gari la namna hiyo lililoharibika bodi, achukue giaboksi pamoja na transfa kesi yake, sampu, krosmemba, difu zote mbili, shafti, habu na waya zake, bila kuchanganya na vya gari jingine. Kwa maoni yangu, wakishapiga hesabu hiyo wengi wataona ni nafuu kuuza walilonalo na kununua GX115 nzima.

Tena, mvuto wa magurudumu manne hauinui tumbo la gari. Kampuni ya AMC ya Marekani ilipoligeuza gari lake la Concord kuwa Eagle, toleo la mwaka 1980, ililiinua kwa takriban inchi 3, na kati ya mbele na nyuma ikaweka kiungo chenye majimaji mazito ya kuruhusu tofauti ya mizunguko. Mark II iliyobaki na kimo chake itakwama kwa tumbo hata magurudumu yote yakizunguka. Kwa mtu asiye na gari ndugu la kutoa vifaa, tairi nne zenye kashata (meno ya tairi) nzuri na kinga ya chuma chini ya sampu zitamsaidia zaidi.

Ombi langu kwa mafundi wenzangu ni kwamba kila anayekubali kazi hii amwandikie mteja kwenye karatasi uwiano wa difu zote mbili, namba ya chesisi ya gari vilikotoka vifaa, na aina ya oili iliyowekwa kwenye transfa kesi. Wamiliki nao waulize TRA na askari wa ukaguzi wa magari kabla ya kazi kuanza, na wamwarifu wakala wao wa bima, kwa kuwa gari litakalotoka gereji litakuwa tofauti na lile walilolisajili.

Wako,
Fundi na msomaji wako,
Ng'ambo, Tabora